Sura ya Sita: Siki Kwanza

Mogitu ni njiapanda. Barabara kuu ya Babati kwenda Katesh na Singida inapita hapo, na hapo ndipo inapochepuka ile ya kwenda Basotu na Haydom. Juu ya yote umesimama Mlima Hanang, ambao kilele chake kinapita mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Mtu anayependa kupika akiitazama ramani ya eneo hili, ataona kitu ambacho msafiri wa basi hakioni. Ngano iko Basotu. Vitunguu saumu viko Mbulu, hasa Bashay. Alizeti inalimwa hapa hapa na kwa majirani wa Singida. Chumvi inavunwa Gendabi, kando ya Ziwa Balangida. Asali, tangawizi, pilipili na ndimu hufika kila gulio. Kwa mchuzi wa kuchovya gyoza za Kijapani, kinachobaki kununuliwa kwa chupa ni siki na soya sosi tu, na hiyo soya nitaonyesha namna ya kuishi bila hiyo siku duka la jirani likiwa halina.

Gyoza ni chakula cha Kijapani chenye asili ya China. Ni duara dogo la unga wa ngano, limesukumwa jembamba kuliko chapati, likajazwa nyama ya kusaga na kabichi iliyokatwakatwa na kukamuliwa maji, likakunjwa katikati na kubanwa kingo kwa mikunjo midogo. Wachina wanaziita jiaozi na wamezila kwa karne nyingi. Japani zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, askari na walowezi waliporudi kwao kutoka Manchuria wakiwa wamezizoea. Mji wa Utsunomiya, kaskazini ya Tokyo, ambao wanajeshi wake wengi walikaa Manchuria, unajinadi kwa gyoza mpaka leo na kushindana na Hamamatsu juu ya nani anazila zaidi. Wachina huzichemsha zaidi. Wajapani wamependa kuzikaanga upande mmoja mpaka ziwe kahawia, kisha kumimina maji kidogo kikaangoni na kufunika, ili chini zikauke na juu zibaki laini. Nyama iliyozoeleka ni ya nguruwe, na Hanang kitimoto si kigeni. Asiyeila ataweka kuku au ng'ombe, na gyoza zitabaki kuwa gyoza.

Namna ya kuzikunja nimeieleza katika sura iliyopita. Hapa nashughulika na kibakuli kinachokaa pembeni, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoharibu kazi yote waliyoifanya.

Mezani mara nyingi utakuta kibakuli kimejaa soya sosi tupu. Gyoza inachovywa, inatoka nyeusi, na mdomoni inakuwa chumvi. Soya sosi ya kawaida ina chumvi inayokaribia asilimia 16 au zaidi. Hakuna mpishi wa Mbulu wala wa Tanga ambaye angemimina chumvi kiasi hicho juu ya nyama iliyokwisha kukolezwa. Mimi nashikilia kwamba kinachobeba mchuzi huu ni siki. Soya inafuata, na inafuata kwa kiasi. Wapo Wajapani wanaokwenda mbali zaidi: wanaiacha soya kabisa na kuchovya gyoza kwenye siki iliyonyunyiziwa pilipili manga nyingi. Jaribu hivyo mara moja kabla ya kufanya lolote ninaloandika huku mbele, uonje siki ikifanya kazi peke yake.

Sababu ni rahisi. Gyoza ina mafuta ya nyama ndani na mafuta ya kikaango nje. Mafuta hutanda ulimini, na ulimi uliotandwa hauisikii vizuri ladha inayofuata. Ukifika gyoza ya tano unakula kwa mazoea. Uchachu huita mate, mate huusafisha ulimi, na gyoza ya kumi inaonjeka kama ya kwanza. Watu wa Pwani hawahitaji kuhubiriwa jambo hili. Muhogo wa kukaanga wa Dar es Salaam unaletwa na chachandu ya ukwaju, sambusa inaletwa na kipande cha ndimu, na urojo wa Zanzibar bila uchachu ni uji wa ngano tu. Sisi tunaokaa bara juu, tuliokulia kwenye maziwa na makande, ndio tunaoisahau siki kabatini.

Siki ya Wajapani hutengenezwa kwa mchele. Ina asidi ya asilimia 4 hadi 5, ni laini na ina utamu wa mbali. Siki nyeupe ya madukani kwetu mara nyingi ni asidi ya asetiki iliyochanganywa na maji. Nguvu yake inaweza kuwa ile ile, lakini haina harufu ya chochote na inachoma puani. Dawa yake ni ndogo: kwa vijiko vitatu vya siki, tia kijiko kimoja cha maji na sukari ya kushika kwa vidole viwili. Bora zaidi, gawanya uchachu wako kati ya siki na ndimu, nusu kwa nusu. Ndimu inaleta harufu ambayo siki ya dukani imeikosa, na wala hutakuwa umeukosea adabu upishi wa Kijapani, kwa maana wenyewe wana mchuzi unaoitwa ponzu, wa soya na maji ya matunda jamii ya ndimu. Ukwaju nao unafaa, ingawa ni mzito na una rangi yake; ukiutumia, roweka, chuja vizuri, na upunguze sukari na soya, vinginevyo utapata chachandu nzuri ambayo haihusiani na gyoza.

Sasa soya. Ndani ya chupa ile kuna kitu ambacho mkulima wa Basotu angekitambua. Soya sosi ya kawaida ya Kijapani hutengenezwa kwa maharage ya soya yaliyopikwa na ngano iliyokaangwa na kupasuliwa, karibu nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo hupandwa ukungu unaoitwa koji, unaachwa siku mbili tatu uote, kisha unatiwa kwenye maji ya chumvi na kukaa miezi sita au zaidi. Ukungu huvunja protini za soya na kuzaa ile ladha nzito. Wanga wa ngano hugeuka sukari, na sukari hiyo ndiyo inayoleta harufu na sehemu ya rangi. Harufu ya soya sosi nzuri kwa kiasi kikubwa ni harufu ya ngano.

Na ngano ya Hanang ina historia ambayo haifai kurukwa. Tangu miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la kilimo, NAFCO, lilifungua mashamba makubwa saba katika nyanda za Basotu, jumla yake ikifika kama ekari 100,000. Matrekta yalikuja, ngano ikapatikana, na mkate wa mijini ukapata unga wa nyumbani. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wabarbaig, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw waliipeleka NAFCO mahakamani, na shauri hilo linasomwa na wanafunzi wa sheria ya ardhi nchini mpaka leo. Ninaposema unga wa gyoza na nusu ya soya sosi vinaanzia kwenye punje ya ngano, nataka msomaji ajue kwamba punje hiyo, hapa kwetu, ilimgharimu mtu malisho yake.

Kutengeneza soya sosi nyumbani kunawezekana kwa mwenye koji, halijoto ya kuaminika na subira ya nusu mwaka. Kwa wengine wote, chupa inatosha, ila soma karatasi yake. Inayofaa imeandikwa vitu vichache: maji, soya, ngano, chumvi. Ukikuta protini ya mboga iliyovunjwa kwa asidi, rangi ya karameli na sharubati ya mahindi, ujue umeshika kitu kilichotengenezwa kiwandani kwa siku chache na kupakwa rangi ya miezi. Itakufaa kwenye wali wa kukaanga. Kwenye mchuzi usiopikwa, ambao kila kitu kinaonjwa kilivyo, itakuangusha. Ile nyeusi nzito ya Kichina pia iache, maana ilikusudiwa kutia rangi nyama ya kupika. Waislamu watazame na alama ya halali, kwa kuwa soya sosi iliyochachushwa kwa muda mrefu huzaa kileo kidogo yenyewe, na viwanda vingine huongeza.

Nakuja kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote katika kibakuli hiki: kitunguu saumu cha Mbulu.

Kwanza nikiri kwamba Mjapani mara nyingi hatii kitunguu saumu kwenye mchuzi. Anakitia ndani ya gyoza, pamoja na nyama. Ni Wachina wa kaskazini wanaokiponda na kukitia kibakulini. Mimi nawafuata Wachina, kwa sababu ya bidhaa tuliyo nayo. Kitunguu saumu kikipikwa ndani ya nyama kinakuwa kitamu na kimya, na kwa kazi hiyo hata kile kikubwa cheupe kinachoingizwa kutoka China, nchi inayolima takriban robo tatu ya vitunguu saumu vya dunia nzima, kinatosha kabisa. Cha Mbulu ni kidogo, punje zake zimebanana, kumenya kwake kunahitaji moyo, na ukali wake unapanda mpaka machoni. Kukizika ndani ya nyama ya kusaga ni kukipoteza. Kiweke mahali pa kuonekana.

Punje ikiwa nzima haina harufu kubwa. Ndani ya chembe zake kuna vitu viwili vilivyotengwa: aliini, isiyonusika, na kimeng'enya kinachoivunja. Kisu au mchi ukibomoa kuta za chembe, viwili hivyo vinakutana na kuzaa alisini, ambayo ndiyo ukali wenyewe na ndiyo harufu wanayoisikia waliokaa sebuleni. Moto unakiua kimeng'enya hicho. Asidi nayo inakidhoofisha sana. Kutokana na hayo mawili mpishi anapata uwezo mkubwa kuliko anavyodhani. Ukitaka mchuzi mkali, ponda kitunguu saumu kikavu kwa chumvi kidogo, kiache kwenye kinu dakika kama 10, kisha ndipo utie siki. Ukitaka mpole, kwa ajili ya watoto au mgeni asiyezoea, kipondee ndani ya siki moja kwa moja, na ukali utakatika ukiwa bado mchanga. Punje ile ile, kinu kile kile, michuzi miwili tofauti.

Kuponda kwenyewe kuna namna. Kata kitako cha punje, ilaze chini ya ubavu wa kisu na uibonyeze mara moja; ganda linaachia. Pasua katikati, na kama kuna kichipukizi cha kijani ndani, kitoe, maana ni kichungu. Tia kwenye kinu kidogo na chumvi ya mawe, ile yenye punje ngumu. Chumvi inafanya kazi ya mchanga: inashika punje isiteleze na inakwaruza. Usitwange kwa kupiga. Zungusha mchi ukisukuma kwenye ukuta wa kinu mpaka upate kitu kama krimu nyeupe isiyo na vipande. Mchuzi wa kuchovya hautaki vipande vya kitunguu saumu, kwa sababu vipande huzama chini, na yule anayechovya wa mwisho ndiye anayevipata vyote.

Kuna jambo linalowashtua wengi. Kitunguu saumu kikikaa ndani ya siki, wakati mwingine hugeuka kijani au samawati. Wapo wanaomwaga wakidhani kimeoza. Hakina neno. Ni viini vyake vya salfa vikikutana na asidi za amino na kutengeneza rangi. Wachina wa kaskazini huisubiri rangi hiyo kwa hamu: siku ya 8 ya mwezi wa 12 wa kalenda yao, iitwayo Laba, wanajaza chupa punje zilizomenywa na siki, na Mwaka Mpya unapofika punje zimekuwa za kijani kama zabarajadi. Zinaliwa pamoja na jiaozi, na siki ile iliyobaki ndiyo inayochovewa. Nyumba yoyote ya Dongobesh au Katesh inaweza kufanya vivyo hivyo bila kununua kitu kigeni hata kimoja, na kwa maoni yangu ndiyo njia nzuri kuliko zote za kutumia mavuno yaliyozidi: punje zinakuwa achari, siki inakuwa nusu ya mchuzi wako.

Ufuta una hadithi fupi lakini inayotuhusu. Japani hula ufuta mwingi mno na haivuni karibu chochote. Inaagiza kutoka nje, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoiuzia. Yale mafuta ya kahawia yenye harufu kali yanayotiwa matone machache kwenye mchuzi wa gyoza kule Tokyo, huenda yalianza safari Lindi au Mtwara. Yanarudi kwetu kwenye chupa ndogo ya bei mbaya. Mafuta ya ufuta yanayokamuliwa hapa nchini mengi ni ya rangi ya majani makavu na harufu yake ni ndogo, kwa kuwa mbegu haikukaangwa kwanza. Usiyalaumu. Chukua kijiko cha ufuta, kaanga mkavu kwenye kikaango juu ya moto mdogo ukitikisa bila kuacha, mpaka uanze kurukaruka na rangi ikaribie ya kahawia. Utoe hapo hapo, kwani ukibaki kwenye chuma utaendelea kuungua. Twanga ungali wa moto. Harufu itakayotoka kwenye kinu itakidhi haja yako, na utakuwa umelipia mbegu badala ya chupa.

Mafuta ya pilipili, ambayo Wajapani wanayaita rayu, yanastahili kuandaliwa peke yake, na siku moja kabla. Pata pilipili kavu nyekundu iliyoparazwa, isiwe vumbi. Weka vijiko vitatu vya chakula kwenye bakuli la bati au la udongo lililo kavu kabisa, tia kijiko cha ufuta uliokaangwa na chumvi kidogo, kisha nyunyiza maji kijiko kimoja cha chai ili pilipili iwe na unyevu isiungue. Bandika nusu kikombe cha mafuta ya alizeti. Kama ni yale yaliyokamuliwa kijijini na hayajasafishwa, nenda nayo polepole, kwa sababu huanza kutoa moshi mapema na moshi huo huacha uchungu. Tumbukiza vipande viwili vya tangawizi na jani moja la kitunguu. Vikishakuwa kahawia, vitoe. Epua, hesabu mpaka 60, halafu dondosha punje moja ya pilipili. Ikichemka kwa sauti ndogo, mafuta yako tayari. Ikigeuka nyeusi papo hapo, ngoja tena. Mimina kwa awamu tatu ukikoroga kila mara. Awamu ya kwanza pilipili inatoa povu, ya pili mafuta yanakuwa ya chungwa, ya tatu yanatulia katika wekundu unaong'aa. Ukivuta pumzi na koo likakuwasha mpaka ukohoe, yameungua. Usiyatie kwenye mchuzi.

Kwa watu wa Hanang na Mbulu, mafuta haya yana ukaribu mwingine ambao ni furaha kuutaja. Kampuni ya viungo ya S&B ya Japani, inayouza rayu kwenye vichupa vidogo vinavyokaa kwenye meza za migahawa, iliwahi kuwa na timu ya mbio ndefu, na nyota wa timu hiyo alikuwa Toshihiko Seko. Desemba 1983, huko Fukuoka, Seko alimaliza marathoni kwa saa 2:08:52. Nyuma yake kwa sekunde 3 tu aliingia Mtanzania Juma Ikangaa. Mkenya Douglas Wakiihuri naye alihamia Japani akiwa kijana, akafunzwa na Kiyoshi Nakamura, kocha yule yule wa Seko, na mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Roma. Hanang ni wilaya ya Gidamis Shahanga, aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, na Mbulu ni nyumbani kwa John Stephen Akhwari wa Olimpiki ya Mexico 1968. Wanariadha wetu waliijua Japani kabla ya wapishi wetu.

Vipimo sasa, kwa gyoza 20 hadi 25. Siki iliyopunguzwa makali, au siki na ndimu nusu kwa nusu: vijiko vitatu vya chakula. Soya sosi: vijiko viwili. Krimu ya punje moja ya kitunguu saumu. Tangawizi iliyokwaruzwa, kijiko cha chai nusu, ukipenda iwe maji yake tu. Ufuta uliotwangwa, kijiko kimoja cha chai. Asali au sukari, nusu kijiko cha chai, na usizidishe, kwani utamu ukionekana mchuzi umeharibika. Mafuta ya pilipili yaje mwisho na yasikorogwe; yaache yaelee juu, ili gyoza iyapitie ikiingia na ikitoka. Changanya robo saa kabla ya kula. Onja kwa kuchovya gyoza yenyewe. Ukionja kwa kijiko utaona umekuwa mchachu mno, utaongeza soya, na utarudi kule kule kwenye chumvi.

Na kama soya sosi haipo? Hapa dagaa wanaingia. Wajapani wana supu yao ya msingi inayochemshwa kwa samaki wadogo waliokaushwa, jamii ya dagaa, wanaowaita niboshi, na wanawashughulikia kama fundi yeyote wa dagaa wa Kigoma angefanya: wanatoa kichwa na tumbo ili uchungu usibaki. Chukua dagaa wakavu wa kujaza viganja viwili, wasafishe hivyo, waoshe mchanga, na uwaroweke kwenye nusu lita ya maji kwa nusu saa. Tia nyanya moja iliyoiva sana. Bandika kwenye moto mdogo, ondoa povu, na maji yakianza kuchemka punguza moto zaidi kwa dakika 10. Chuja. Rudisha maji hayo jikoni peke yake mpaka yabaki robo, na hapo ndipo utie vijiko viwili vya chai vya chumvi na sukari kidogo uliyoiunguza kwenye kikaango hadi ikawa nyekundu. Ile ladha nzito ya soya, ambayo Profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo aliitambua mwaka 1908 alipochunguza supu ya mwani, inatokana na glutameti. Nyanya inayo, na dagaa wana kitu kingine kinachoikuza zaidi. Vikiwa pamoja kila kimoja kinasikika kuliko kikiwa peke yake. Tumia kioevu hicho mahali pa soya, kijiko kwa kijiko. Hakitakuwa soya sosi. Kitakuwa mchuzi wa dagaa wenye adabu, na kwa gyoza za kuku mimi nakipenda zaidi.

Neno moja kuhusu mwinuko, kwa sababu vitabu vingi vya mapishi vimeandikwa na watu wa usawa wa bahari. Mita 1,700 juu, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, na sehemu kubwa ya Hanang na Mbulu iko kwenye mwinuko huo au karibu yake. Gyoza zikifunikwa na mvuke zipewe dakika mbili zaidi ya zilizoandikwa, hasa zikiwa na nyama ya nguruwe, ambayo haina ruhusa ya kuliwa ikiwa na wekundu ndani.

La mwisho ni kuhifadhi, na hapa naomba nisikilizwe. Mafuta ya pilipili yaliyotengenezwa kwa vitu vikavu yanakaa wiki kadhaa kwenye chupa kavu iliyofunikwa. Siki ya Laba inakaa miezi, kwa kuwa asidi inailinda. Mchuzi uliokwisha kuchanganywa uishe siku hiyo, maana kesho yake kitunguu saumu kinakuwa na harufu ya kuchoka. Lakini usiweke kamwe kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta na kukiacha kabatini, hata kama chupa ni safi, hata kama umeona watu wakifanya. Kitunguu saumu kinatoka udongoni, na udongoni kuna mbegu za bakteria wa botulini, ambao hustawi mahali pasipo hewa na pasipo asidi. Chupa ya mafuta inawapa yote mawili. Sumu yao haina harufu wala ladha, na inapooza misuli mpaka ya kupumulia. Mwaka 1985, mjini Vancouver, Kanada, watu zaidi ya 30 waliugua baada ya kula mgahawani chakula chenye kitunguu saumu cha chupa kilichohifadhiwa kwenye mafuta. Ukikitaka ndani ya mafuta, tengeneza cha kutosha mlo mmoja. Kikibaki, kiwekwe kwenye jokofu na kiliwe ndani ya siku mbili tatu. Kama nyumba haina jokofu, mwaga. Vitunguu saumu vya Mbulu havijawa ghali kiasi cha kuhatarisha maisha ya mtu kwa punje mbili.